Kujifungua, na Mtu Aliyekohoa Nje

Tuliokuwepo siku ile ni hawa. Mimi, mkubwa kuliko wote mle ndani. Binti yangu wa kwanza, aliyetoka Magu kwa basi la asubuhi akashukia stendi ya Buzuruga na kuku mmoja na mfuko wa mchele. Mke wa mjukuu wangu, yaani mkwe wa huyo binti yangu, ambaye ndiye aliyekuwa na uchungu. Jirani yetu fundi cherehani, Mhaya, Mlutheri, nyumba yake imekaa juu ya jiwe la pili kutoka kwetu, hapa kwenye kilima cha mawe cha Ilemela. Mjukuu wangu, mwenye mke, hakuwepo, alikuwa na lori upande wa Kahama. Marehemu mume wangu alikuwepo ukutani, kwenye picha, amevaa koti la kuazima. Huyo naye mhesabuni, maana alikuja kuitwa.

Majina yao yote ninayo. Ninalo la dereva wa bajaji, ninayo ya manesi wawili, ninayo hata ya ng'ombe wa baba yangu. Shule niliishia darasa la pili, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Ila hapa sitaandika hata moja, na sababu ataiona atakayefika mwisho.

Kilichonifanya nishike kalamu ni neno. Mtoto alipozaliwa nesi alitoka mlangoni akasema, "Bibi, mzazi amejifungua salama." Watu wakashangilia. Mimi nilisikia kinyaa, nikasogea pembeni nikatema mate kwenye maua ya hospitali. Mlinzi alinifokea. Alikuwa na haki.

Kwetu, kwa Kisukuma, tunasema kubyala, basi. Kiswahili nacho kina kuzaa. Lakini nilipohamia mjini nikafundishwa kwamba mbuzi ndiye anayezaa, mtu anajifungua, na ukisema fulani amezaa wanakutazama kama umeingia na kinyesi kwenye kiatu. Haya, nikajifunza. Ni neno safi, limefuliwa likapigwa pasi. Wenye elimu wataeleza limetoka wapi. Nimesikia wanaosema ni heshima tu, jambo la chumbani halitajwi kwa jina lake. Watu wa pwani waliolianza sijui walikuwa na desturi gani, ila nadhani nao walikuwa na vibibi kama mimi. Mimi ninachojua ni kile nilichokiona kikifunguliwa.

Desturi ya kwetu ni hii. Uchungu ukichelewa, kila kilichofungwa ndani ya nyumba kinafunguliwa. Kamba ya mbuzi, kifuniko cha kibuyu, mlango, mshipi wa mume kama yupo, nywele za mwenye uchungu. Wanasema mtoto anaona mafundo ya huku nje naye anakaa. Hilo silichukii. Ukifungua kamba ya mbuzi, hasara yako ni kumfukuza mbuzi. Linalonichukiza ni fundo la mwisho, wanalolifikia mengine yakiisha na mtoto bado. Fundo hilo wanasema liko mdomoni mwa mwanamke. Ataje mwanaume aliyetembea naye nje ya ndoa, ndipo mtoto atapata njia. Na kama hayupo? Hakuna jibu la "hayupo". Watamkalia mpaka awepo.

Kosa la kwanza siku ile lilikuwa langu. Uchungu ulianza alfajiri. Fundi alikuja na mita yake shingoni akasema twende hospitali moja kwa moja, kadi ya kliniki iko hapa, mimba ya kwanza haichezewi. Mimi nikasema tumsubiri mama mkwe wake. Mimba ya kwanza ya mke wa mtu, kwetu, haitoki nyumbani bila mama mkwe kuiona. Nikampigia simu binti yangu. Ndiyo, mimi.

Alifika jua limeshapanda. Chupa ya uzazi ilikuwa imeshapasuka na godoro limelowa. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha linatazama mawe, na juu ya mawe watu walikuwa wameanika dagaa. Ile harufu ya dagaa wanaokauka ilichanganyika na jasho na maji ya uzazi, na juu yake binti yangu akaleta ya kwake, ya mafuta ya taa aliyopaka miguuni kwa ajili ya baridi ya basi.

"Shikamoo mama," akaniambia.

"Marahaba. Mwenzio ana hali mbaya."

"Namwona." Akamwinamia mkwe wake. "Tangu saa ngapi?"

"Alfajiri, mama," yule mtoto akajibu. Namwita mtoto kwa sababu alikuwa na miaka ishirini na mbili, na midomo imemkauka.

Fundi akasema, "Dada, bajaji inasubiri chini barabarani. Haiwezi kupanda huku. Tumshike huku na huku, tushuke naye taratibu."

Binti yangu akamtazama shingoni. "Wewe fundi, umeingia kwa mwenye uchungu na kamba shingoni?"

"Hii ni mita."

"Ina ncha mbili. Itoe."

Fundi akaitoa, akaivingirisha akaitia mfukoni. Kazi ya kufungua ikaanza. Mfuko wa mchele ukafunguliwa. Pazia likafunguliwa vifundo vyake. Viatu vya mjukuu wangu vilivyokuwa chini ya kitanda vikatolewa kamba, viatu vya mtu aliye Kahama. Kuku akafunguliwa miguu. Alikimbia chini ya kitanda, akapanda juu ya ndoo, akanya karibu na mkono wa mgonjwa, na hakuna aliyepangusa kwa sababu binti yangu alikuwa ameshaanza nywele. Yule mtoto alikuwa amesukwa rasta wiki ile ile, ndogo ndogo, kazi ya siku nzima. Binti yangu anafumua, mwenzake anauma kanga kwa maumivu.

"Hizi rasta utazimaliza Krismasi," fundi akasema. "Leta nikate." Alikuwa na mkasi wake.

"Zikikatwa hazijafunguliwa."

Na mimi? Nilikuwa nafungua. Nilifungua kifuniko cha chupa ya chai, nikafungua kabati, nikafungua hata fundo la pembe ya kanga yangu ninapofungia chumvi ya kulamba. Mikono yangu ilijua kazi yenyewe. Nikikumbuka vidole vyangu vinavyotembea juu ya vile vifundo wakati mtu anakufa mbele yangu, natamani kuvisugua kwa jivu.

Mtoto hakusogea. Miguu ya yule binti ikaanza kuwa baridi. Binti yangu akakaa chini mlangoni, kizingiti chote akakijaza, akasema, "Haendi mtu."

Fundi akasema, "Dada yangu, toka mlangoni."

"Akienda na neno tumboni watampasua na atakufa huko huko. Aseme kwanza." Akamgeukia mkwe wake. "Haya. Nani?"

"Hakuna, mama."

"Nani? Mume yuko na lori wiki tatu kwa mwezi. Wewe peke yako hapa juu ya mawe. Nani anapanda?"

"Hakuna, mama. Wallahi hakuna."

"Wallahi ya nini, we Mkatoliki! Uliyejifunga ni wewe, jifungue. Ni yule anayeleta maji?"

"Hapana."

"Ni mwalimu wa kwaya?"

"Mama, naomba maji."

"Utakunywa ukishasema."

Binti yangu alikuwa na kikohozi chepesi cha safari. Kila akiuliza alitema makohozi pembeni, kwenye sakafu ileile ya kinyesi cha kuku. Nilimwona mdomo ukifunguka na kufungika, na mate meupe pembeni. Nilimzaa mwenyewe huyu. Nilimnyonyesha miaka miwili. Nilimtazama kama unavyotazama samaki uliyemnunua mzima, ukamfungua nyumbani ukakuta funza.

Lakini ule mdomo niliujua. Sikuujua kwake.

Nirudi nyuma. Mimba yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na saba, tukiishi kijijini ufukweni, mbele ya Magu, pamba upande huu na ziwa upande ule. Ilikuwa asubuhi kama hiyo. Walinikalia wawili, mama mkwe wangu na dada yake. Walifungua kila kitu, mpaka wavu wa mume wangu wakaufungua kamba. Kisha wakaanza, nani, nani. Nilikataa mpaka jua likawa utosini. Mmoja alinikandamiza tumbo kwa goti. Mwingine alikuwa akitafuna ugoro, akinisogelea kuuliza matone yananidondokea usoni, mengine yakaingia mdomoni mwangu uliokuwa wazi kwa kulia. Ladha yake ninayo mpaka leo. Ninapoona mtu anatia ugoro mdomoni naondoka mahali pale.

Nje ya mlango akapita mtu akakohoa.

Nilikijua kikohozi kile. Alikuwa msuka matenga ya samaki, mtu wa makamo, mpole, mke wake alikuwa amekufa. Tangu nilipoolewa kijijini pale hatujawahi kusemezana zaidi ya salamu. Alikuwa anapita na fito zake begani. Mimi nikataja jina lake. Nilitaja kwa sababu ndilo lililopita karibu. Lingepita la mtu mwingine ningetaja hilo.

Wakaniachia. Goti likatoka tumboni, nikavuta pumzi, na mtoto akatoka muda si mrefu, msichana. Wakasema, mnaona? Amejifungua. Jioni ile ile vijana wa ukoo walikwenda kwa msuka matenga, wakavunja matenga yake yote wakayachoma, na yeye wakampiga kwa fito zake mwenyewe. Kesho yake alivuka kwenda visiwani na taya limevimba. Mume wangu aliniuliza mara moja tu kama ni kweli. Niliogopa kusema nimedanganya, maana mwongo naye ana adhabu yake, nikanyamaza. Akachukulia kunyamaza kwangu ni jibu, akanisamehe kosa nisilolitenda, na kwa miaka yote niliyoishi naye nilikula msamaha ule kama chakula kilicholala.

Msichana yule ndiye aliyekaa mlangoni Ilemela.

Basi nikajua kwamba nikisubiri, huyu wa kitandani naye atataja anayepita. Na nje walikuwa wanapita. Vijana wa maji walikuwa wanapita, wauza dagaa walikuwa wanapita. Nikamwinamia kama ninayempangusa jasho. Nikamwambia sikioni, "Mjukuu wangu, taja mume wangu. Yule wa picha. Amekufa, hawana cha kumfanya. Mtaje kwa nguvu."

Akanitazama. Sikujua kama amenisikia. Uchungu mwingine ukaja, akajikunja, na kwenye ule uchungu akapiga kelele ya jina la marehemu, lote, la kwanza na la ukoo, mara tatu, mpaka wauza dagaa nje wakanyamaza.

Binti yangu akaacha kutema.

"Umesema nani?"

Akarudia.

Binti yangu akainua macho ukutani. "Huyo ni baba yangu," akasema polepole. "Huyo amekufa wewe bado unanyonya."

Fundi, Mungu ambariki, akasema, "Basi huyo mgoni kumwita kwenye kikao cha ukoo itakuwa kazi."

Mimi nikaona mlango. Nikasema, "Mzee anataka jina lake. Anamshikilia mtoto mpaka aahidiwe." Hiyo nayo ni desturi ya kwetu, marehemu kudai jina, na binti yangu anaiamini kama anavyoamini ile nyingine. Uso wake ulibadilika pale pale. Aliruka kutoka kizingitini, akapiga magoti mbele ya picha, akasema, "Baba, tumesikia, ni lako, tuachie mtoto." Kisha akawa wa kwanza kumbeba mkwe wake. Tukashuka mawe, fundi mbele na mkasi bado mkononi, bajaji ikaondoka.

Alipasuliwa. Mtoto wa kiume, mzima. Daktari, kijana mdogo, alitoka akauliza mbona tumechelewa hivi, saa moja zaidi angewapoteza wote wawili. Binti yangu akasema, "Bajaji haipandi mawe, daktari." Wala hakupepesa macho. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Ndipo nesi akaja na lile neno lake, amejifungua. Binti yangu akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia. Mdomo ule ule. Alipopewa mtoto akambusu paji la uso kwa mdomo ule ule, na mate yakabaki yanang'aa, na mimi nikaenda kwenye maua kama nilivyosema.

Wiki zilizofuata kila mgeni aliambiwa jinsi mzee alivyorudi. Hadithi ilipendeza kweli. Ndani yake hakukuwa na mwalimu wa kwaya wala mleta maji, wala mtu aliyenyimwa maji ya kunywa. Wageni walikunywa chai, wakala maandazi, wakasema Mungu mkubwa. Mimi maandazi sikuyagusa.

Siku moja mchana tulikuwa barazani watatu. Mzazi ameketi na mtoto kwenye titi, mimi nachambua mboga, binti yangu anachambua mchele kwenye ungo, ule ule mchele wa siku ile. Mzazi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, ulijuaje kwamba nimtaje aliyekufa?"

Ningeweza kusema ni akili za uzee. Nikasema, "Kwa sababu mimi nilimtaja aliye hai."

Ungo ukasimama.

Nikaeleza yote, kama nilivyoeleza hapa, goti na ugoro na kikohozi. Sikumtazama binti yangu. Nilizitazama mboga, nilikuwa nimezikatakata mpaka zimekuwa kama lishe ya vifaranga.

Binti yangu akauliza, "Na alikuwa na kosa gani?"

"Alikohoa."

Akasema, "Shuleni waliniita Tenga. Mpaka darasa la saba. Waliosema wataleta posa waliambiwa, mkampeleleze kwanza huyo, baba yake halisi yuko visiwani. Ndiyo maana mwanangu anatumia jina la ukoo wetu, hakuna aliyekuja kunioa. Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Baba amekufa anajua mimi si wake."

"Ndivyo alivyodhani. Lakini hakukupunguzia kitu."

"Sikuulizi alichonipunguzia." Akaniangalia. Jicho lile nililijua, mimi mwenyewe nilikuwa nimemwangalia hivyo hivyo, siku ya kuku na makohozi. "Unanitia kinyaa, mama."

"Hata mimi najitia," nikamjibu.

Mzazi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mtoto. Binti yangu akamgeukia, akasema bila kumtazama usoni, "Ulisema hakuna, na kweli hakukuwa na mtu."

"Hakukuwa na mtu, mama."

"Na maji uliomba."

"Niliomba."

Akainuka, akaingia ndani. Tulimsikia anafungua mtungi. Akatoka na kikombe, akamkabidhi kwa mikono miwili, wiki sita zimepita. Mkwe wake akanywa yote. Sitaki msomaji afikiri mambo yalipona hapo. Alirudi kwenye ungo wake, akatoa jiwe kwenye mchele akalitupa, kisha akasema, "Jina lake nani, yule wa matenga?"

Nikamwambia. Nikamtajia na la baba yake, na mlango wa nyumba yake ulikotazama. Ameshaanza kuulizia ufukweni, na kwa watu wa visiwani wanaokuja na samaki. Anataka kwenda mwenyewe kusema nilidanganya. Akaniambia, "Na wewe uliyenyamaza, andika." Ndiyo haya.

Majina sijayaweka kwa sababu nimeona kazi ya jina likitolewa mdomoni mahali ambapo mwenyewe hayupo. La yule mzee lilitajwa mara moja bila yeye kuulizwa, sitalitaja mara ya pili kwenye karatasi kabla watu wake hawajakubali. Na wanaolitumia lile neno safi, walitumie, mimi siwezi kulizuia. Ninapolisikia, nasikia kikohozi.

Sasa kama yupo anayesoma hapa ambaye ni wa ukoo wake, au alikuwa mtoto kijijini pale akaona matenga yakiungua, anisahihishe nilipokosea. Huenda taya halikuvimba siku ileile. Huenda alivuka baada ya siku mbili. Mimi nasema alikohoa mara moja, lakini nilikuwa nalia, inawezekana ni mara mbili. Na kama kuna anayejua kwamba alipona, akaoa tena, akasuka tena, aje aniambie nimekumbuka vibaya. Nyumba yetu haifikiki kwa gari. Aulize kwa fundi, ataonyeshwa.